Keki za Agatha

Februari, saa tisa usiku, Katania imelala,
majivu ya mlima Etna yametanda vibarazani,
nami nimeshawasha tanuri la Bi Privitera.
Aproni nimeifunga kwa fundo moja tu;
mkono wa kushoto haupandi vizuri
tangu wanikate.

Kazi yangu ni keki za sikukuu:
kidonge cha sponji, jibini laini ya kondoo,
sukari nyeupe imiminwe mpaka ing'ae,
kisha cheri moja, katikati, juu kabisa.
Titi. Tusizunguke.
Mji mzima hula matiti ya mtakatifu wake,
tunayauza mawili mawili kwenye boksi lenye utepe.
Miaka ishirini na sita nimeweka cheri
bila kuwaza lolote
isipokuwa bei ya cheri.

Mwaka huu vidole vimesita.

Nilipotoka hospitali, padre aliniambia: alivumilia.
Dada yangu Santina akaniletea picha:
msichana, macho juu, sinia mkononi,
na juu ya sinia vitu vyake viwili
kama mtu anayewapelekea wageni chai.
Niliigeuza ikatazama ukuta.
Aliyekatwa kwa koleo hatulii hivyo!
Aliyemchora, nikasema, hakuwahi kuamka saa nane
akapapasa kovu
akitafuta kilichokuwapo.

Lakini ndani ya tanuri mna dakika arobaini,
na dakika arobaini ni nyingi kwa mwenye hasira.
Nikakumbuka hadithi ya bibi yangu:
gavana alimtaka, akakataa,
wakamfunga, wakamkata, akazidi kukataa.
Usiku huo gerezani akaingia mzee na dawa, na taa,
akamwambia binti: usione haya.

Usione haya.
Kama ilibidi aambiwe,
basi haya ilikuwapo.
Hapo nikamwona, si pale kwenye sinia:
kwenye majani makavu, ameshika nguo kifuani
kwa ngumi zote mbili,
ana umri wa Ilenia wetu anayeosha masufuria.

Maana mimi, gavana sijakutana naye.
Simba sijaonyeshwa, wala moto.
Nina fomu za bima, nina foleni ya dripu,
nina sidiria yenye kipande cha silikoni
kinachopata joto kuliko mimi,
na miezi minne sasa navua nguo gizani.
Alfio, mtu mwema, hukaa bafuni akipiga mswaki
mpaka nadhani meno yameisha,
ili anipe muda.

Siku ya nne nikapeleka boksi wodini.
Wanne tulikuwa, kila mmoja na mrija wake.
Mwalimu Rosalba, kichwa kitupu kama yai,
akachungulia ndani, akanyamaza,
kisha akauliza: nani wa kulia, nani wa kushoto?
Tukacheka hadi nesi akaja mbio
kudhani mashine imeharibika.
Mimi nilikula la kushoto.
Lilikuwa tamu kupita kiasi. Huwa hivyo kila mwaka.

Jioni akapita, katika fedha yake na maua,
wanaume wa kanzu nyeupe wakivuta kamba,
mishumaa mizito kama watoto mabegani,
nta ikidondoka juu ya mawe meusi
ambako pikipiki zitateleza wiki nzima.
Watu walipunga leso, waliomba.
Mimi sikuomba kitu.
Nilimtazama tu, kama unavyomtazama mtu
uliyekaa naye chumba kimoja cha kusubiri.

Nyumbani, picha bado inatazama ukuta.
Nimeiacha hivyo makusudi:
apumzike kidogo na macho ya watu.

Nikakaa kitandani, nikafungua vifungo.
Alfio akatoka bafuni mapema mno.
Taa nilikuwa sijaizima.
Sikuizima.
Akasimama mlangoni,
povu la dawa ya meno bado kidevuni.